Mkufunzi wa Hatua Nane

Sijawahi kuona binadamu anayekera kama Mkufunzi. Naanza na hilo ili tuelewane. Na tuelewane na hili pia: wa kumsema ni mimi. Wewe ukimsema tutakosana hapa hapa. Kuna kijana mmoja muuza viatu vya mitumba pale soko la Memorial mjini, meza yake na yangu zinapakana, alimwita "kizee kichaa" siku Mkufunzi alipopita akiongea peke yake. Nilivitawanya vile viatu mpaka barabarani, vya kushoto kwao, vya kulia kwao. Nasikia kuna jozi hajaziunganisha mpaka leo.

Jina lake nalijua, ila hakuna aliyelitumia. Alifundisha chuo cha ualimu miaka mingi, somo la saikolojia, ile ya makuzi ya binadamu: mtu anavyokua kutoka tumboni kwa mama mpaka kaburini. Kwa hiyo huku kwetu Uru, mlimani, alikuwa Mkufunzi, basi. Mwanzoni tulikuwa tunampata Jumamosi tu, akipanda kutoka mjini na koti lake la kijivu. Halafu Serikali ikaanza kupunguza watu kazini, naye akapunguzwa, akapanda moja kwa moja na masanduku mawili ya vitabu. Tukajua tumepatikana. Chuoni alikuwa na darasa. Huku darasa tulikuwa sisi wote, tutake tusitake.

Somo lenyewe lilikuwa hili. Maisha yana hatua nane, alizitoa kwa mzungu mmoja wa kwenye vitabu vyake. Ya kwanza, mtoto mchanga anajifunza kuamini: nikilia, kuna mtu atakuja? Ya pili anajifunza kusimama mwenyewe, ndiyo maana anakunyang'anya kijiko. Ya tatu kuthubutu, ya nne bidii, ya tano kujitafuta mimi ni nani, ya sita kupenda, ya saba kulea wanaokuja nyuma. Ya nane unakaa unatazama ulikotoka. Ukiridhika, vizuri. Usiporidhika, unakuwa mzee wa kugombana na kuku. Hilo la kuku ni langu, lakini alilikubali. Kila hatua ina kazi yake, na kazi usipoifanya haipotei, inakungoja mbele njiani kama mbwa wa jirani.

Sasa mtu mwenye akili angeyajua hayo akanyamaza. Yeye alikuwa anapima watu. Barabarani, sokoni, kanisani kwenye foleni ya komunyo. Mama anamfundisha mtoto kutembea kabla ya wakati, Mkufunzi huyo, anasimama kwenye uzio: "Ndizi haiivi kwa kuminywa!" Unashtuka mpaka unamwangusha mtoto.

Mbaya kuliko yote ilikuwa msibani. Alifariki mzee mmoja mkulima wa kahawa, mgomvi lakini mtu wa watu. Familia ikamwomba Mkufunzi aseme neno, maana ni msomi. Ukisikia watu wamejitafutia wenyewe, ndiyo hivyo. Akasimama, akavaa miwani.

"Ndugu waombolezaji, marehemu nimemjua miaka arobaini. Hatua ya nne alifanya vizuri sana, kahawa yake mnaiona. Ya sita, wastani."

Mjane akainua kichwa.

"Ya saba, kwa maoni yangu, hakuimaliza."

"Kakwambia nani?" mjane akauliza, kwa sauti ya mtu aliyelia siku tatu na sasa amepata cha kufanya.

"Mama, nasema kitaalamu."

"Hao tisa niliowazaa, niliwazaa kitaalamu?"

Padre akaanzisha wimbo kabla ya wakati wake. Tuliimba beti zote, na zilipoisha tukarudia ya kwanza. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Lakini baadaye, wanaume walipokaa na mbege yao, pombe ya ndizi, wakaanza kumcheka, niliwakatiza. Niliwaambia, angalau yeye amesema anachofikiri, ninyi wote mmesimama mkasema marehemu alikuwa mpole. Mama mdogo akanivuta sikio mbele ya watu, na umri wangu ule.

*

Alikuwa na daftari. Lile kubwa la jalada gumu, la kuitia mahudhurio shuleni. Humo aliwaandika watoto wote wa njia yetu, kuanzia kanisani mpaka mfereji wa juu: nani amekaa lini, nani amesimama lini, nani amesema uongo wake wa kwanza na aliusemaje. Alitupa namba badala ya majina, eti utafiti una siri. Siri gani, na alikuwa anatuita kwa namba barabarani? "Kumi na Nne! Njoo hapa!" Huyo ndiye mimi. Mpaka wazazi wakazizoea. Kuna mtoto wa jirani kadi yake ya komunyo ya kwanza iliandikwa Ishirini na Mbili, msimamizi wake alidhani ni jina la ukoo.

Na wala usidhani ungeweza kuliiba ukasoma. Aliandika kwa vifupisho alivyovitunga mwenyewe, vikulabu na vidoti, kama kuku amepita kwenye majivu. Aliyeweza kuusoma mwandiko ule ni yeye peke yake duniani.

Sasa nikwambie kwa nini lile daftari lilininyima raha. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka saba. Baba alikuwa Arusha na familia nyingine, tusimwongelee. Mama mdogo, mdogo wake mama, ndiye aliyenilea, na ni mwanamke mwema ila marehemu hawaongelei. Nikimuuliza mama alikuwaje, anasema, "Alikuwa mtu mzuri," anaendelea kumenya ndizi. Picha ipo moja, ya harusi ya watu, mama amesimama nyuma na kofia ya mwanamke mwingine imemla nusu ya uso. Mimi mwenyewe nakumbuka kisigino chake na harufu ya moshi wa kuni. Basi. Ukiniuliza alicheka vipi, sijui.

Lakini Mkufunzi Jumamosi zote zile, nikiwa na miaka mitatu, minne, mitano, alikuwa anakaa kwenye benchi letu anakunywa chai ya mama yangu na kuandika. Ukurasa wa kumi na nne. Mama yangu alikuwa mle ndani. Na yule mzee alimfungia.

*

Nisimseme kwa mabaya tu. Alikuwa na kitu kimoja wasomi wengi hawana: ukimshinda, anaandika kwamba ameshindwa.

Kuna jaribio la kwenye vitabu vyake. Unachukua maji ya kwenye chombo kifupi kipana, mtoto anaona, unayamimina yote kwenye chombo kirefu chembamba, unamuuliza wapi kulikuwa na mengi. Mtoto mdogo anadanganyika, anasema kwenye kirefu. Mpaka afike kama miaka saba ndiyo anajua ni yaleyale. Mkufunzi akaenda kulifanya nyumbani kwa mama mmoja muuza mbege, na maji hayakuwepo karibu, akatumia mbege. Kata pana na kibuyu chembamba. Akamweka mbele yake binti wa yule mama, miaka minne, kamasi inateremka.

"Haya. Wapi kulikuwa na nyingi?"

Mtoto akamtazama kama anavyotazamwa mteja aliyelewa. "Si ni ileile. Umeihamisha."

"Angalia vizuri. Hii haijapanda juu?"

"Imepanda kwa sababu hicho chembamba. Mama akiwapimia wageni ndiyo anatumia hicho."

Wanaume kwenye mabenchi wakageuka wote pamoja. "Ehe! Rudia hapo, mwanangu!"

"Wewe mtoto, ingia ndani!" mama akafoka. "Na wewe Mkufunzi, chukua saikolojia yako utoke!"

Akatoka. Njiani nyuma yake wazee watatu bado wanabishana, wanaapa kwamba chembamba kinaingia nyingi. Mimi nilikuwa naye, nikamcheka mpaka nikakaa chini. "Mtoto amekuzidi kitabu chako!" Siku mbili hakuongea na mtu. Ya tatu akaja kwetu, akasimama mlangoni, wala hakusalimia.

"Kitabu hakijawahi kunywa mbege," akasema. "Nimeandika hivyo pembeni." Akaondoka.

Vilevile lile jaribio la kutazama mtoto akiachwa na mgeni, analia au halii. Alikuwa anawaomba akina mama sokoni wamwachie mtoto dakika mbili, wajifiche. Akakuta watoto wetu wengi hawalii, wanamshika tu ndevu. Akaandika hawajashikamana na mama zao. Bibi mmoja akamwambia, "Meku, mzee mwenzangu, huyo amelelewa na migongo minane. Wewe ni wa tisa. Alie kwa nini?" Mkufunzi aliuchana ule ukurasa mbele ya bibi. Ndiyo mara pekee nilimwona anachana kitu.

*

Desemba ndiyo ulikuwa msimu wake. Unajua kwetu, Desemba hata aliyepotea anarudi. Dar yote inapanda mlimani. Mkufunzi anatoka asubuhi anakaa kwenye jiwe pale kwenye kona, anawapokea kama mtu wa ushuru.

"Shikamoo Mkufunzi!"

"Marahaba. Umeoa?"

"Bado, Mkufunzi."

"Una miaka?"

"Thelathini na nne."

Anahesabu. "Umekwama ya sita."

Na huyo kijana ameshuka kwenye gari lake, ana miwani ya jua, mchumba yuko kiti cha mbele anasikia yote. Anajitetea: "Si huyu hapa mchumba wangu?"

Mkufunzi anainama dirishani, anamtazama yule dada kwa upole kabisa. "Wa mwaka jana alikuwa mrefu."

Nilimwambia, Mkufunzi, iko siku utapigwa. Akaniambia anayepigwa kwa ukweli haumii. Uongo. Alipigwa mwaka uliofuata na aliumia, na mimi ndiye nilimkanda kwa maji ya moto, namgombeza huku nakanda. Anaugulia, ananiambia, "Kulea. Ya saba. Unaanza mapema."

*

Mimi sikusoma. Niliishia la saba, majina ya waliochaguliwa sekondari yakabandikwa, langu halikuwepo. Nilijifungia chumbani siku nzima. Mama mdogo ananibembeleza, majirani wanapita na pole zao. Mkufunzi akaja jioni, akasimama dirishani.

"Umefeli?"

"Sikuchaguliwa."

"Si kitu kimoja," akasema.

Kesho yake akaleta kitabu cha Kiingereza na kamusi isiyo na jalada. "Kurasa kumi kwa wiki. Jumamosi nakuuliza." Nikamwambia nani kakuomba. Akasema hatua ya nne haiishi kwa sababu shule imeisha. Nilimchukia. Nikasoma. Nilisoma kwa hasira, neno kwa neno, kamusi kwenye paja, nakata majani ya ng'ombe kitabu kiko kwenye kikapu. Miaka sita. Ninachokijua chote kilipita kwa yule mzee, na hakuna Jumamosi aliyonisifu.

Tulibishana kuhusu ile hatua ya tano mpaka mate yakakauka. Yeye anasema kijana lazima apitie kipindi cha kujitafuta, ajiulize yeye ni nani. Nikamwambia hizo ni hatua za watoto wenye vyumba vyao. Mimi umri huo sikuwa najitafuta, nilikuwa natafuta majani ya ng'ombe. Akasema, "Ndiyo maana unagombana na kila mtu. Hujajipata."

Wa kwake mwenyewe hakuwaandika. Hebu fikiria. Watoto wa njia nzima wana namba, wa kwake hawana. Kitinda mimba wake, ambaye kwa mila yetu ndiye wa kurithi nyumba na kihamba, shamba la ukoo, na kukaa na wazee, aliniambia siku tunang'oa kahawa yao. Kahawa ilikuwa haina bei tena, kila mtu anapanda nyanya na maharage. Anapiga jembe kwenye shina, anasema bila kunitazama:

"Mimi sina hata namba."

Nilimpelekea baba yake moto. "Mkufunzi, kwa nini?"

"Mtafiti hachunguzi wa kwake. Jicho litapendelea."

Nilipomrudishia mwanawe hilo jibu, akasimamisha jembe. "Si afadhali lingependelea."

Mtu anayewafokea akina mama wa watu kuhusu upendo. Ningemnyonga.

*

Ukurasa wangu niliuomba mara nyingi, lakini ile ya kukumbukwa nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilishaanza kushuka mjini kuuza mitumba. Nikapanda Jumamosi, nikamkuta amekaa kando ya mfereji, daftari mapajani. Zamu ya maji ilikuwa ya ukoo wetu siku hiyo, mfereji umejaa, unakimbia.

"Mkufunzi, nataka kuona ukurasa wangu."

"Hapana."

"Ni wangu."

"Unakuhusu. Si wako."

"Nimekuwa mtu mzima sasa. Umeandika nini humo cha kuficha?"

"Ukishajua nilichoandika, utaanza kuishi kama nilivyoandika. Au utaishi kinyume, kwa huo ubishi wako. Vyote viwili vinaharibu kazi. Subiri umalize ya sita."

"Mpaka lini?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Ulivyo? Mpaka arobaini."

Nilikuwa nimeshika kitabu chake, kile kikubwa alichokipenda. Nikakirusha kwenye mfereji.

Kile kitabu kikaelea kidogo, kikageuka, kikaondoka. Na mimi, sijui nini kilinipata, nikaanza kukikimbiza. Nilipita vihamba vitatu, nimeruka nyua za watu, nimekanyaga maharage ya watu, kitabu kiko mbele kinaenda. Chini kabisa kulikuwa na mzee anaziba maji kwa kigogo cha mgomba, kikamgonga mguuni. Akakiinua kinachuruzika.

"Mae! Leo mfereji umeleta kitabu. Kesho utaleta mwalimu."

Nilikikausha siku tano kwenye kichanja cha kuanikia kahawa, nimeweka vijiwe kila baada ya kurasa chache. Mama mdogo alidhani nimerogwa. Jumamosi nikakipeleka, kimevimba kama mkate. Mkufunzi akakipima mkononi.

"Kurasa zote?"

"Zote. Nimehesabu."

"Kutupa, hatua ya pili. Kukimbiza, ya nne. Kurudisha, ya saba." Akafikiri. "Umeruka ya tano."

Mimi mtu wa maneno. Naongea sokoni kutwa, naongea na wateja, na askari wa mji, naongea usingizini. Lakini miaka yote ile sikuwahi kumwambia naitakia nini karatasi ile. Nilisema nataka kujua umenisema nini. Nilisema ni haki yangu. Sikusema hata mara moja, Mkufunzi, sijui mama yangu alicheka vipi. Lingetoka hilo, pengine angenisomea siku ileile. Halikutoka. Lilikuwa linafika hapa kooni linageuka kuwa matusi.

*

Mwaka huu wakati wa masika, kitinda mimba alinipigia simu nikiwa kwenye meza yangu. Sasa ana simu ya mkononi, na mke, na nyanya zake.

"Dada, panda. Mzee anapotea."

"Amekwenda wapi?"

"Hajaenda popote. Yuko hapa barazani. Panda tu."

Nilimkuta amekaa na lile koti la kijivu, vifungo amevifunga vizuri ila kimoja kimeingia tundu lisilo lake. Amekonda. Nikasimama mbele yake.

"Shikamoo Mkufunzi."

"Marahaba." Akanitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni. "Wewe ni mwaka wa kwanza au wa pili?"

Mke wa mwanawe, mlangoni, akaachia kicheko. Nilimgeukia kwa jicho ambalo sitalieleza, akaingia ndani.

"Wa kwanza, Mkufunzi."

"Umechelewa. Kaa."

Nikakaa. Kitinda mimba akaja na daftari amelishika kwa mikono miwili. "Chukua tu, dada. Halina kazi tena. Nimelipitia lote." Akasita. "Mara mbili. Nilidhani labda mimi nimewekwa mwishoni."

Nikalipokea. Nikalifungua mapajani. Ukurasa wa kumi na nne uko pale, umejaa mpaka pembeni, miaka yangu yote. Vikulabu. Vidoti. Majivu na kuku. Nimesoma vitabu vya Kiingereza kwa kamusi isiyo na jalada, na ukurasa wa mama yangu siwezi kuusoma, na mwenye kuusoma hanijui. Nikasikia hasira inapanda, ileile ya mfereji. Nikalinyanyua daftari. Safari hii nikaliweka mapajani kwake.

"Mkufunzi, hapa sikuelewa. Namba kumi na nne. Naomba utusomee."

Akatafuta miwani. Kitinda mimba akamvalisha. Akainamia ule ukurasa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya zamani, ile ya darasani, inayofika nyuma.

"Mtoto namba kumi na nne. Wa kike. Miaka mitatu na nusu. Andikeni." Akasubiri. Nikatoa kalamu ya kuandikia bei, nikashika kipande cha boksi. "Jumamosi. Nimekaa kwenye benchi la mama yake. Mama yuko mgombani anakata majani, anamwita mtoto. Mtoto yuko nyuma ya banda la ng'ombe. Mimi namwona. Anasikia, haitiki. Mama anaita mara ya pili. Haitiki. Nimehesabu mara saba. Nikamuuliza mama, huogopi kwamba amepotea? Mama akacheka."

Akainua kidole.

"Anacheka ameziba mdomo kwa mkono, kwa sababu ya jino la mbele. Lakini anacheka kwa mabega. Ukikaa benchi moja naye, benchi linatikisika, chai inamwagika. Akasema, 'Hajapotea. Amenuna. Ndama nimempa jina bila kumuuliza yeye. Mwache. Mimi kazi yangu ni kuita. Ataitika akiwa tayari.'"

Kitinda mimba alikuwa amechuchumaa pembeni, anatazama sakafu. Mkufunzi akavua miwani, akatugeukia sote, darasa zima.

"Angalieni hapo. Kitabu kinasema mtoto ndiye anayejifunza kuamini: nikilia, kuna mtu atakuja? Hapa mtoto ananyamaza, na anayeamini ni mama. Hili kitabuni halimo." Akafunga daftari. "Maswali?"

Nilikuwa na maswali ya miaka ishirini. Kile kipande cha boksi kilikuwa kimelowa.

"Huyo mtoto," nikasema, "alikuja kuwaje?"

"Ah, bado. Ana miaka mitatu na nusu tu." Akaangalia juu, kule njia inakopinda kwenda kwetu. "Kesho nitapita kwa mama yake. Nitamuuliza."

Nikamfungua kile kifungo cha koti, nikakirudisha mahali pake. Akaniachia.

"Ukipita, Mkufunzi, mwambie mtoto ameitika."

Akaanza kupapasa mifuko. Nikampa kalamu yangu. Akafungua daftari palepale, ukurasa wa kumi na nne, akaligeuza ubavu kufuata pembeni ilipobaki nafasi kidogo.

"Ameitika mara ya ngapi?"

"Ya nane," nikasema.

Akaandika.